Meza ya Katikati

Mwezi uliopita nilipata ruhusa ya kutoka kambini siku nne. Nikatoka Muyinga, nikapita Karuzi, nikafika Gitega, halafu Giheta, kwa fundi wa sauti aliyenifundisha kazi kidogo kidogo. Alitaka kufungua chumba cha kumalizia nyimbo, yaani masteringi, na alikuwa bado anasita anunue meza gani ya kukaa katikati ya mashine zake. Nilidhani tutabishana juu ya bei.

Kwanza nieleze, maana vijana wetu wakisikia "meza ya sauti" wanaona ile kubwa ya kanisani, yenye njia ishirini na nne na taa nyekundu. Ile ni ya kuchanganya: ngoma ina njia yake, gitaa njia yake, mwimbaji njia yake. Kwenye masteringi wimbo umeshafika mzima, una kushoto na kulia, basi. Meza yake ni ndogo na haina mbwembwe. Inapitisha wimbo kwenye mashine moja baada ya nyingine, inakuruhusu kuruka mashine yoyote kwa kubonyeza, inapeleka sauti kwenye spika. Kazi yake kubwa ni kukusikilizisha wimbo kabla na baada, bila yenyewe kuongeza kitu.

"Kaa hapa, sikia," fundi akaniambia. Akapiga wimbo wa kwaya, kisha akabonyeza. Ipi nzuri? Nikasema ya pili, bila kusita: imejaa, ina besi. Akacheka. Hakuwa ametengeneza kitu chochote. Alipandisha sauti desibeli mbili tu.

Siyo mimi peke yangu. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walionyesha kwa vipimo kwamba sauti ikiwa chini, sikio letu linapoteza hasa zile nzito, ikipanda, zinarudi. Kwa hiyo kitu kilekile, kikiwa juu kidogo, kinaonekana kizuri zaidi. Ndiyo maana mtu wa masteringi hawezi kulinganisha kabla na baada mpaka azisawazishe kwanza. Akiruka hatua hiyo anajidanganya mwenyewe, halafu anamdanganya mwenye wimbo.

Nikanyamaza. Hatua hiyo mimi niliwahi kuiruka, na sikuwa mjinga kabisa.

Kambini tulifanya mashindano ya nyimbo kwa ajili ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Zikabaki mbili: moja ya kundi langu, nyingine ya binti mmoja aliyeimba juu ya mama yake na barabara ya Uvira. Aliyekaa kwenye meza ni mimi. Ya kwetu niliipandisha kidogo. Kidogo kweli, hata upana wa kidole haukufika. Waamuzi wakasema ya kwetu "iko na nguvu." Binti akaja kunipa mkono: "Asante yaya, mumetushinda vizuri."

Je, niliiba? Nimejitetea muda mrefu. Wimbo wake sikuukata, sikuuzima, kila neno lilisikika. Labda tungeshinda hata hivyo. Lakini nikikaa peke yangu naona kitu kingine: waamuzi wale walidhani wanachagua. Nilikuwa nimeshachagua mimi, kwa kutumia masikio yao.

Mtu atasema kila anayekaa katikati lazima aongoze. Gishora, kwenye ngoma za wafalme, iko hukohuko Giheta. Pale ngoma moja inakaa katikati, inkiranya. Ibishikizo zinaifuata, amashakwe zinashika mapigo bila kubadilika. Sawa, inkiranya inaongoza. Ila anayeipiga yuko mbele ya macho ya watu, akikosea wote wanamwona. Mwenye meza ya sauti anakaa nyuma, gizani, na watu wamempa mgongo.

Turudi kwenye meza. Fundi alikuwa na mbili za kuchagua. Ya kwanza kubwa, vitufe vyake vinazunguka laini kama vya redio, na inaongeza utamu wake kwenye sauti. Ya pili ndogo na ghali zaidi. Vitufe vyake vinakwenda kwa hatua, tak, tak, kila hatua na namba yake. Unaandika namba kwenye daftari, wiki ijayo unarudi palepale, na hata mtu mwingine anaweza kurudi palepale. Ina na kitufe cha kushusha sauti iliyotengenezwa ili ilingane na ile ya mwanzo.

Nikamwambia nunua ya pili, itatufanya tuwe waaminifu.

"Weye! Mashine haina dini," akasema. "Kitufe hichohicho cha kusawazisha, ukitaka kupendelea, kinapendelea vizuri sana."

Usiku sikulala vizuri. Nilikumbuka siku za mgao. Mama zetu hawaulizi kama anayepima ana moyo mzuri. Wanasema: geuza mzani, na mimi nione. Wafanyakazi wengine wa misaada hilo linawaudhi, wanaona kama wameitwa wezi. Mimi naona linawasaidia hata wao, maana mtu mwema naye anachoka, ana ndugu kwenye foleni, ana kundi lake.

Asubuhi nikarudia jibu lilelile, ila kwa sababu nyingine. Ya pili, kwa ajili ya namba. Siku ile ya mashindano kama kungekuwa na hatua yenye namba, na daftari wazi mezani, binti yule angeweza kuniuliza: yaya, mbona yenu iko kwenye saba na yangu kwenye sita?

Fundi amekubali, lakini faranga hazijatosha, bado anakusanya. Mimi nimerudi Muyinga. Juzi nilimwandikia binti aje Jumamosi, nimewaita na wale waamuzi watatu, tusikilize tena nyimbo mbili zikiwa sawa.

Amejibu: "Kuna nini, yaya?"

Bado sijamjibu.