Wimbo Unaokalisha, Wimbo Unaoinua

Nafundisha kwaya Njoro, na wazee wa kanisa huniuliza kila mara: utamu wa wimbo hauwezi kulifunika neno la Mungu? Si hofu ya kipuuzi. Mtakatifu Agostino, aliyebatizwa Milano mwaka 387, anaungama kwamba kila alipoguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa, alijiona ametenda dhambi, akatamani asingemsikia mwimbaji.

Dante Alighieri, mshairi wa Firenze, alilisimulia jambo hilo kwa kisa. Katika Divina Commedia, roho zinafika kwa mashua chini ya mlima wa Toharani zikiimba kwa sauti moja zaburi ya Israeli kutoka Misri. Mmoja wao ni Casella, mwanamuziki rafiki yake Dante. Dante, aliyechoshwa na safari ya Jehanamu, anamwomba amwimbie kidogo. Casella anaimba shairi la mapenzi alilotunga Dante mwenyewe, na wote wanaduwaa, hata Virgilio, kiongozi wa Dante. Ndipo mzee Cato, mlinzi wa mlima, anapowakemea kwa uzembe, nao wanatawanyika kama njiwa walioshtuliwa wakila.

Zaburi iliwafikisha pale. Wimbo wa Casella ukawakalisha.

Cucu wangu, yaani bibi yangu, wa Elburgon hakumjua Dante, lakini naye alikuwa na ndege wake. Katika ngano ya Wakikuyu, mke wa mhunzi anajifungua mumewe akiwa mbali kwenye uhunzi. Irimu, yaani zimwi, linajifanya kumhudumia huku likila chakula chake. Mama anaanika mbarika, ndege anakuja kuzila, na kwa shukrani anaruka hadi kwa mhunzi na kumwimbia. Wahunzi wanamfukuza, anarudi, anaimba tena, mpaka mwenye mke anaelewa na kushika njia ya nyumbani.

Ndege huyo tulikuwa sisi watoto. Cucu alipofika hapo alinyamaza kabisa. Tusipoimba, mhunzi hainuki, na mzazi anaendelea kufa njaa. Mimi naamini imani huingia kwa mlango huohuo: msikilizaji anapoimba, kisa kinakuwa mzigo wake pia.

Kwa hiyo simlaumu Casella kwa utamu. Dante anasema utamu ule bado unalia ndani yake anapoandika, na Cato mwenyewe alichokemea ni kukaa. Lakini hofu ya wazee naiheshimu, kwa sababu Bonde hili la Ufa la Kenya lilikuwa na kwaya nzuri sana mwanzoni mwa 2008, na bado Molo, Njoro na Nakuru mjini nyumba za majirani zilichomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Tulikuwa tumeimba upendo miaka mingi, tukapendezwa, tukakaa.

Basi wazee wangu, Jumapili ijayo msitupunguzie ngoma wala sauti. Tuulizeni, mkitutazama usoni, ni nani kati yetu aliyeinuka baada ya wimbo akaenda kwa jirani ambaye hawasemezani. Asipopatikana hata mmoja, tukemeeni kama Cato.