Mkono Ulio Wazi: Sungura Mgeni na Subira ya Mungu



Wapendwa vijana, wiki hii naanza na swali nililoulizwa baada ya kipindi cha vijana huku Kagerankanda, wilayani Kasulu. Kijana mmoja wa TYCS alipewa sungura na mjomba wake. Akaniambia: "Frateri, nampenda kweli, lakini kila nikimshika ananikwaruza na kukimbilia kona. Nimfanyeje?" Wenzake walicheka. Mimi naona hilo ni swali la kiroho kabisa, na ninyi wa mjini mnaofuga hamsta au paka linawahusu pia.

Tumwangalie kwanza huyo sungura. Yeye ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa ili aone hatari ikitoka upande wowote, na kinachomshukia kutoka juu, kwake ni mwewe. Sasa wewe unafungua banda, unaingiza mkono kutoka juu, unamnyakua. Moyoni mwako huo ni upendo. Kwake yeye hicho ni kifo kimefika! Hakuchukii. Hakujui.

Kwa hiyo, siku za kwanza mwache. Mpe banda kavu, nyasi za kutosha, maji, na kiboksi cha kujificha. Usimwondolee maficho ukidhani ndiyo utamzoea haraka. Mwenye pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutoka. Mlishe saa zilezile, kaa karibu na banda, ongea kwa sauti ya chini. Ukiona anakula huku upo, umepiga hatua. Angalia tu asije akapitisha siku nzima bila kula, maana kwa sungura hiyo ni hatari; hapo tafuta mtaalamu wa mifugo.

Halafu weka jani kwenye kiganja kilicho wazi, mkono ukiwa chini, usawa wa pua yake. Atanusa, atarudi nyuma. Mwache arudi. Kesho weka tena. Siku atakapokula mkononi, mguse kidogo kwenye paji la uso, basi. Kumbeba ni baadaye: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, ukiwa umekaa chini ili akiruka asiumie. Kamwe usimnyanyue kwa masikio. Miguu ya nyuma ikining'inia atapiga mateke, na anaweza kuvunjika mgongo kwa nguvu zake mwenyewe.

Mtasema, frateri, hayo yote kwa ajili ya sungura? Twendeni basi Morogoro. Mnamjua panya buku, yule mkubwa anayejaza karanga zetu mashavuni na kutokomea shimoni. Shambani ni adui. Lakini katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya hao tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Kazi haianzi na mabomu. Inaanza panya akiwa mtoto wa wiki chache tu, macho yamefunguka juzi. Walezi wanambeba, wanamzoesha harufu ya watu, sauti za magari, nyasi chini ya miguu. Baadaye ndipo anafundishwa kwamba mlio fulani maana yake ni ndizi au karanga. Mafunzo yote huchukua miezi kama tisa.

Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na katika miaka mitano ya kazi akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Kuna watoto Kambodia wanaotembea leo kwa miguu yote miwili, na mwanzo wa habari hiyo ni mtu fulani Morogoro aliyekubali kutokuwa na haraka na panya.

Ndugu zangu, hivi ndivyo Mungu alivyofanya na sisi. Soma Hosea sura ya 11. Mungu anajieleza kama mzazi anayemfundisha mtoto kutembea, anamshika mikono, kisha anainama kumlisha. Mungu anainama! Mtakatifu Ireneo wa Lyon, askofu wa karne ya 2 ambaye Papa Fransisko alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2022, anafundisha kwamba Neno alikaa kwetu ili mwanadamu azoee kumpokea Mungu, na Mungu azoee kukaa ndani ya mwanadamu. Kuzoeana! Ndiyo maana miaka karibu thelathini ya Nazareti haikuwa ya kupoteza muda. Na baada ya ufufuko, katika Yohana sura ya 21, Yesu hamkabili Petro kwa kumuuliza kwa nini alimkana. Kwanza anawasha moto, anaoka samaki, anawaita waje wale. Swali lilikuja watu wameshakula.

Sasa nije panaponiuma. Katika kigango kimoja alikuja binti mgeni, ametoka mbali kuishi kwa ndugu. Jumapili ya kwanza tu akasimamishwa mbele ajitambulishe. Watu wakacheka lafudhi yake. Wiki iliyofuata akaingizwa kwaya bila kuulizwa, na maswali juu: wazazi wako wako wapi, mbona huongei, unaringa? Wiki ya tatu hakuja. Wakasema hana imani. Jamani! Sungura amerudi konani nasi tunasema ana roho mbaya.

Aliyemrudisha ni mama mmoja wa jumuiya. Hakumhubiria. Kila Jumapili alipita njia ya kwao, akasalimia, wakatembea wote kwenda kanisani, wakakaa benchi lilelile la nyuma. Ilichukua miezi. Siku moja binti akaanza kusimulia mwenyewe. Wapo wenzetu ambao ukiinua mkono kuwapungia tu, wanainamisha kichwa, kwa sababu mikono waliyoizoea nyumbani ilikuwa ya kupiga. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia "niamini" halafu akaamini. Imani hiyo inajengwa kama anavyofundisha Mtakatifu Tomaso wa Akwino kuhusu fadhila tunazozipata kwa mazoezi: kwa tendo moja dogo, likirudiwa, tena na tena.

Lakini nawaonya pia, hasa nyie wadogo. Mkono wenye chakula si lazima uwe mkono mwema. Hata mtega panya anaweka karanga kwenye mtego. Yupo atakayekuzoesha kwa lifti, kwa vocha, kwa simu mpya, taratibu na kwa upole mwingi. Utamtambuaje? Angalia kinachotokea ukirudi nyuma. Sema hapana mara moja uone. Mwenye mtego atakasirika, atakudai alichokupa, atakwambia usimwambie mtu. Hapo ondoka, na umwambie mtu mzima unayemwamini. Yesu, wengi walipomwacha katika Yohana sura ya 6, hakufunga mlango. Aliwauliza wale Kumi na Wawili kama nao wanataka kuondoka. Mkono wa Mungu unalisha, lakini unabaki wazi.

Wiki hii fanya mambo mawili. La kwanza: mtafute mtu mmoja aliye mgeni au aliyejitenga katika jumuiya, shule au mtaa wako. Usimpe wadhifa, usimhoji. Msalimie kwa jina, kaa karibu naye, na wiki ijayo urudie. La pili: kama wewe ndiye uliyejificha, labda umekaa muda mrefu bila Kitubio kwa kuogopa, nenda ukakae dakika tano tu mbele ya Ekaristi. Si lazima useme kitu. Yeye hana haraka na wewe.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekuja kwetu kama mtoto ili tusikuogope, utupe mikono isiyonyakua. Uwalinde wadogo wasinaswe na upole wa uongo. Na sisi tunaokukimbia, utuzoeshe sauti yako. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.