MUNGU KUWA MSAIDIZI: MAANA YAKE NINI?



Katika Kiswahili cha maofisini neno "msaidizi" humtaja mtu wa chini. Katibu msaidizi yu chini ya katibu. Lakini Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 inamwita Roho Mtakatifu kwa neno hilohilo (Yohana 14:16), na mwanamke vilevile (Mwanzo 2:18). Je, Mungu aweza kuwa chini ya yule amsaidiaye?

Jibu limo katika Kiebrania. Neno la Kitabu cha Mwanzo ni ezeri, nalo katika Agano la Kale hutajwa kwa Mungu mara nyingi zaidi kuliko kwa mwanamke. Basi kusaidia si alama ya udogo. Asaidiaye ndiye aliye na kile alichopungukiwa mwenzake. Mume amtwishaye mkewe jembe, ndoo na mtoto, kisha akasema kuwa Maandiko yamemfanya mke msaidizi wake, na ajihadhari. Amelidharau neno ambalo ni sifa ya Mungu.

Liko na kosa la pili: kudhani ya kuwa, madhali Mungu husaidia, sisi tukae tu. Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada (1 Samweli 7:12). Wengi hulikumbuka jiwe, wakayasahau yaliyotangulia: watu waliiondoa miungu ya kigeni, wakafunga, na Mungu alipowafadhaisha adui, wao wenyewe walitoka kuwafuatia.

Wanazuoni wa Kikristo walibishana sana juu ya jambo hili. Pelagio alifundisha kwamba mtu aweza kutenda mema kwa nguvu za maumbile yake. Augustino akajibu kwamba hata kuyataka mema kwahitaji neema, na Baraza la Karthago la mwaka 418 likayakataa mafundisho ya Pelagio. Hata hivyo Augustino mwenyewe alikiri kwamba hasaidiwi ila yule ajitahidiye.

Tazama mfano wa karibu. Mji wa Kisarawe uko juu ya vilima vya Pugu, na kwa miaka mingi wakazi wake walitaabika kwa maji. Zaburi ya 121 humwonyesha mtu aitazamaye milima, kisha akakiri kuwa msaada wake watoka kwa Muumba. Mwaka 2020 maji ya mto Ruvu, yasafishwayo Mlandizi, wilayani Kibaha, yalipandishwa kwa mabomba hadi Kisarawe. Mto aliuumba nani? Na mabomba yalilazwa na nani? Aonaye bomba tu humsahau Mungu. Naye aungojeaye mto upande kilima wenyewe atakufa kwa kiu.

Basi, msomaji mpenzi, utakapoomba leo usiku msaada wa Mungu, jiulize pia: kesho asubuhi ni nani atakayebeba ndoo nyumbani mwangu, nami nimemsaidia nini? Ikiwa kusaidia hakumpunguzii Mungu utukufu, kutakupunguzia wewe nini?