Fedha za Yatima ni Amana, Hata Wakati wa Njaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ambaye baba yake alikufa kabla ya yeye kuzaliwa, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, wengi wenu mwajua ya kuwa darsa yetu hukusanya michango ya kuwalea watoto mayatima na masikini wa mashamba, upande wa Kinango na Ganze. Kila mfadhili hutajiwa mtoto wake, naye hutoa kila mwezi kwa ajili ya nguo za skuli, viatu, vitabu na dawa za mtoto huyo. Serikali iliondoa ada za skuli za msingi mwaka 2003, lakini mtoto haendi skuli kwa kuondolewa ada tu. Huenda kwa kuwa ana nguo ya kuvaa na ameonja chakula.

Baadhi yenu mmetuuliza: Je, fedha zilizotolewa kwa mtoto aliyetajwa zafaa kutumiwa kwa mwingine mwenye haja zaidi? Swali hili hatuwezi kulijibu kwa haki ila tuanze na kosa letu wenyewe.

Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022, mvua zilikuwa haba misimu mitano kwa kufuatana katika sehemu kame za Kenya, Somalia na Ethiopia. Mahindi yalinyauka shambani na ng'ombe wakafa. Katika siku hizo tulifika kijiji kimoja tukichukua fedha za watoto wetu. Tukamkuta mmoja wao, binti anayelelewa na nyanya yake, yumo katika nyumba yenye watoto sita, na majirani zao hawakuinjika chungu tangu jana yake. Tulizichukua fedha za watoto wote waliotajwa, za miezi mitatu, tukanunua mahindi na maharagwe, tukagawa kijiji kizima. Kisha, na hapa ndipo penye kosa, tukawaarifu wafadhili ya kuwa watoto wao wamepewa haki zao kama desturi. Tulijiambia ya kuwa nia yetu ni njema, na ya kuwa mfadhili hatachukia akijua. Ikiwa hatachukia, mbona tulimficha?

Mfadhili wa binti yule ni mama mmoja wa mjini. Alikwenda kumzuru mtoto wake, akamkuta hana viatu, wala hajaenda skuli muda wa miezi miwili. Nyanya yake akamwambia, "Mwanangu, chakula tulipata sote na twashukuru. Lakini viatu hatukuviona." Mama yule aliporudi hakutugombeza. Alituuliza neno moja tu: "Sheikh, kama mlitaka mahindi, kwa nini hamkuniambia? Ningaliongeza." Hatukuwa na jawabu.

Basi jueni, ndugu zetu, ya kuwa mwenye kukusanya sadaka na kuipeleka ni wakili wa mwenye kutoa. Na wakili, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hana ruhusa ya kupita mpaka aliowekewa. Akiambiwa, "Mpe fulani," akampa mwingine, basi ile mali i juu ya shingo yake, hata kama yule mwingine ni mhitaji zaidi. Nia njema humpunguzia mtu lawama, lakini haimwondolei dhamana.

Huenda mtu akasema: Njaa ni dharura, na kuokoa nafsi kwatangulia viatu. Twasema: Ni kweli, kumlisha mwenye njaa ni wajibu wa kila Muislamu awezaye. Lakini wajibu huo ulituangukia sisi wenyewe kwanza, katika mali zetu. Miezi ile ile hapa mjini tulihudhuria arusi na hitima, na sinia za pilau zikirudi jikoni zimejaa. Tuliwalisha wenye njaa kwa mali ya yatima, ilhali mifuko yetu tumeikaza! Hiyo haikuwa ukarimu. Ulikuwa ni ukarimu wa mkono wa mtu mwingine.

Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa amewaonya wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma ya kuwa walacho ni moto matumboni mwao. Na katika sura hiyo hiyo amemwamrisha mlezi aweke mashahidi siku ya kumkabidhi yatima mali yake. Mlezi tajiri ameamrishwa ajizuie, na fakiri ale kwa kadiri iliyo ya ada. Sayyidna Umar, naye ni Khalifa, alijiweka mbele ya mali ya Waislamu mfano wa mlezi mbele ya mali ya yatima. Sisi ni nani hata tusitake mashahidi?

Kwa hivyo tuliwaandikia wafadhili wote tukawaambia kweli, kisha wanadarsa wakachanga katika mifuko yao mpaka kila mtoto akarudishiwa fungu lake. Ilituchukua miezi minane. Wafadhili wengine walitusamehe, wengine waliondoka, wala hatuwalaumu walioondoka.

Tangu siku hiyo tumeshika mambo manne, na twayataja ili kila mwenye jamii ndogo kama yetu ayapime.

Kwanza, mifuko ni mitatu, na kila mmoja una daftari lake. Uko mfuko wa mtoto aliyetajwa. Uko mfuko wa sadaka isiyo na sharti, ambao kwa huo twaweza kununua mahindi ya nyumba nzima, na jirani asiye Muislamu naye hupata, kwani sadaka ya hiyari yafaa kumpa, wala hatumuulizi atasilimu lini. Na uko mfuko wa zaka, ambao hauguswi ila kwa wale waliotajwa katika Suratut Tawba. Na ifahamike ya kuwa uyatima peke yake haumpi mtoto zaka. Yatima aliyerithi mali ya kumtosha si masikini. Aliye fakiri hupokelewa na walii wake.

La pili, fedha hazitoki kwa mkono wa mtu mmoja. Siku hizi fedha hupelekwa kwa simu katika dakika moja, na kwa dakika hiyo hiyo huweza kupotea. Wawili huidhinisha, na watatu husoma daftari kila mwezi mbele ya darsa.

La tatu, aliyepeleka sadaka asirudi na zawadi. Watu wa mashamba ni wakarimu. Humfungia mgeni kuku na nazi, naye huona haya kukataa. Na akumbuke kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya sadaka akarudi akisema hiki chenu na hiki nimepewa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi.

La nne, heshima ya mtoto. Tumeacha kuwapiga picha watoto wakiwa na matambara ili kuwalainisha watu nyoyo. Sadaka hubatilika kwa masimango na udhia, na je, ni udhia gani mkubwa kuliko mtoto kukua na kukuta umasikini wake umetembezwa mji mzima? Wala hatumtoi mtoto katika nyumba ya mama yake au nyanya yake maadamu yupo wa kumlea. Kulea si kumgeuza mtoto wa watu kuwa wako: Mwenyezi Mungu ameamrisha waitwe kwa baba zao.

Ndugu zetu, watu 30 wakitoa shilingi 100 kila wiki, kwa mwaka hupatikana shilingi 156,000. Kiasi hicho wengi wetu hukipita kwa arusi moja, na siku ya tatu yake hapana akumbukaye alikula nini. Hatusemi msiowe wala msifurahi. Twasema sinia moja ipungue, na ile njaa ijayo isitukute tena tukinyosha mkono katika mfuko wa yatima.

Na binti yule? Alipata viatu vyake, akarudi skuli nyuma ya wenziwe kwa mwaka mmoja. Mwaka huo hatuwezi kumrudishia. Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa huo, aitakabali michango yenu, na atuepushe na khiyana iliyovaa kanzu ya wema. Amin.