Kijiji Juu ya Mgunga



Jamaa yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, alinunua kiwanja Kitengela katika kaunti ya Kajiado, akanialika nimwombee dua kabla ya kuchimba msingi. Nilipofika nilimkuta amesimama na shoka chini ya mgunga, na juu ya mgunga huo mna viota visivyopungua ishirini. Jirani alikuwa amemwambia kwamba ndege wale ni nuksi, na kwamba yuko mtu wa kukizingua kiwanja kwa mbuzi mmoja. Basi akaniuliza, "Sheikh, niukate, au nizingue kwanza?"

La mbuzi sikulipa wakati mwingi. Mtume (S.A.W.) amekwisha kutukataza kutazamia nuksi kwa ndege, na mwenye kula mbuzi wa watu kwa jambo hilo ala batili. Ama la kukata mti, nilimwomba asubiri mpaka jioni, tukae tuangalie.

Ndege mwenyewe ni mdogo, kadiri ya shomoro, rangi yake kama udongo mkavu, na utosi wake wa kijivu mfano wa aliyevaa kofia. Hana manjano ya mnana wa kwetu, wala hana sauti ya kumsimamisha mpita njia. Kwa hiyo wengi huvijua viota vyake wasimjue yeye. Wataalamu wamempa jina la Arnaud, msafiri wa Kifaransa. Naye ni katika jamaa ya kwera, lakini ada zake ni nyingine. Kwera wengi hufuma wakati wa kuzaa, kisha huacha nyumba ikaoza. Huyu hulala kiotani mwake hata usipokuwa msimu wa kuzaa, na kwa hivyo kazi ya kutia nyasi haimwishii. Kiota cha kulala kina milango miwili, yote yaelekea chini. Lakini ukifika wakati wa mayai, mlango mmoja huzibwa, ukabaki mmoja tu. Nani aliyemfundisha hayo, naye hakukaa mbele ya mwalimu hata siku moja?

Na mgunga nao si mti mtupu. Matawini una vibofu vyeusi, na ndani ya vibofu wakaa chungu. Ukiutikisa hutoka wakakuuma. Upepo ukipita katika vijitundu vya vibofu hivyo, mti hulia kama filimbi.

Lililonishika zaidi ni hili. Makinda wa ndege huyu hawalishwi na baba na mama peke yao. Katika kundi wamo wasaidizi, wasiokuwa na mayai yao wakati huo, nao huleta chakula kwa makinda ambao si wao waliowazaa. Mtaalamu Leon Bennun aliwachunguza hapa Kenya, akaandika juu ya wasaidizi hao mwaka 1994. Niliposimuliwa hayo nilikumbuka mayatima wa mitaani mwetu, ambao ami zao wana nyumba za kupangisha, na watoto wenyewe hurudishwa kutoka shule kwa kukosa karo. Sikumtaja mtu. Mwenyeji wangu alitazama chini.

Magharibi ilipokaribia, ndege walirudi kwa makundi, kila mmoja akaingia mahali pake. Tulihesabu viota vinne vyenye mlango mmoja. Hapo nikamwambia: mti huu ni milki yako, na kuukata kwa haja si haramu. Lakini mna makinda ndani. Masahaba katika safari waliwahi kuchukua makinda wawili wa ndege, mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume alipomwona aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Basi ngoja makinda waruke, na ukiweza, usogeze msingi hatua chache. Akaliweka shoka. Msingi ulisogezwa hatua tisa, na mgunga sasa uko uani.

Mzee wa Kimasai aliyekuwa akipita na mbuzi wake alituamkia, akauliza, "Na huko kwenu pwani, yuko kwera gani?" Nilinyamaza. Nimesoma miaka mingi, nami sikuwa na jawabu.

Niliporudi nikauliza. Yuko kwera wa Kilifi, ambaye hapatikani popote duniani ila katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Mzungu Clarke alimwandika mwaka 1913, na kiota chake hakikujulikana na wataalamu ila mwaka 2013, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha: miaka mia kamili! Naye yumo katika hatari ya kutoweka, kwani misitu ya Dakatcha hukatwa kwa makaa na kwa mashamba ya mananasi.

Na makaa hayo huchomwa ili yauzwe, na wanunuzi ni watu wa mijini kama sisi. Kwa hiyo nawaomba wanadarsa, kila mmoja amuulize muuzaji wake gunia lake latoka msitu gani, atuletee jawabu Alhamisi baada ya Isha. Mimi nimekwisha kumuuliza wangu, naye alicheka, kisha akasema: Dakatcha.

Wabillahi taufiq.