Kumhifadhi Si Kumfungia

Liko jambo moja ambalo katika miji yetu halisemwi barazani, na likisemwa husemwa kwa sauti ya chini. Nalo ni hali ya mtu mzima aliyezaliwa na akili isiyopevuka kama za wenziwe. Hatumkusudii mwenye wazimu, kwani wazimu ni maradhi, humjia mtu na pengine humwondokea. Twamkusudia yule ambaye tangu utoto wake kufahamu kumemwia kuzito: kuhesabu fedha, kushika wakati, kumjua nani rafiki na nani mlaghai. Huyu hukua, akaota ndevu, akafikia makamo, naye bado ahitaji mtu wa kumwongoza.

Tumtazame mama mmoja, ambaye mfano wake haukosekani Langoni wala Mkomani, Faza wala Siyu. Yeye ana miaka 70 na mwanawe ana 40. Ndiye amwoshaye, amlishaye na amvishaye. Wageni wakibisha hodi, mwana hutiwa chumba cha ndani na mlango ukarudishwa. Ukimwuliza mama huyu aogopa nini, hatakwambia kwamba aogopa kufa. Atakwambia aogopa kufa kabla ya mwanawe.

Basi swali letu ni hili: ni ipi haki ya mtu huyu juu yetu? Je, akishapata chakula, nguo na pa kulala, deni letu limekwisha?

Wengi watajibu kwamba limekwisha. Watasema: sisi si kama Wazungu, waliowatia watu wao katika majumba makubwa nyuma ya kuta wakawasahau humo. Ni kweli walifanya hivyo muda mrefu. Lakini Uingereza, tangu miaka ya 1980, iliyafunga mengi ya majumba hayo, na watu wakahamishiwa katika nyumba za kawaida mitaani, pamoja na wasaidizi kwa kadiri ya haja ya kila mmoja. Wao walirudi nyuma kutoka katika kosa lao. Na sisi tujihadhari na kujisifu, kwani chumba cha ndani kisichofunguliwa nacho ni jumba la namna ile ile, ila lina mfungwa mmoja.

Kinachotufanya tufunge mlango ule mara nyingi si mapenzi, ni haya. Wako wanaodhani udhaifu huu ni laana, au ni majini, au ni malipo ya dhambi ya wazazi. Elimu imekwisha kubainisha mengi katika hili. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kifaransa, Jérôme Lejeune, pamoja na wenziwe walitangaza kwamba namna moja ya udhaifu huu yatokana na kromosomu moja iliyozidi: watu wengi wana 46 katika kila chembe ya mwili, na hawa wana 47. Wengine hupatikana na hali hiyo kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au kwa malaria iliyopanda kichwani utotoni. Katika haya yote, aibu iko wapi?

Tena tutazame dini yetu yasemaje. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 5, tumekatazwa kuwakabidhi mali wasioweza kuitunza, na papo hapo tukaamrishwa kuwalisha, kuwavisha na kusema nao kwa wema. Ajabu ni kwamba siku ya kugawanya mirathi twalikumbuka lile katazo, na siku za baadaye twayasahau maamrisho. Mwenye akili dhaifu hurithi fungu kamili kama nduguze. Ni mara ngapi fungu lile limeshikwa kwa jina la ulezi, kisha likayeyuka kama chumvi majini?

Na katika mwendo wa Mtume (S.A.W.) twapata mafunzo mawili. La kwanza lapokewa na Anas: mwanamke wa Madina aliyekuwa na kitu katika akili yake alimjia Mtume akamwambia kwamba ana haja naye. Mtume alimwita kwa heshima, kama aitwavyo mama wa watu, akamwachia achague njia aipendayo yeye, akaenda naye mpaka haja yake ikatimia. Hakumwambia arudi nyumbani, wala hakumchagulia njia.

La pili ni la sahaba aliyekuwa dhaifu katika biashara, akipunjwa kila mara. Jamaa zake walimwomba Mtume amzuie kuuza na kununua. Mtume alimkataza, naye akasema hawezi kustahimili. Hapo Mtume akamfundisha kutamka, kila afungapo mapatano, kwamba pasiwe na udanganyifu. Na katika mapokezi mengine alipewa siku 3 za kufikiri na kurejesha. Mzingatie hukumu hii, enyi ndugu. Hakufungiwa nyumbani, wala hakuachwa aliwe na walaghai. Aliwekewa kinga, kisha akaachwa na watu sokoni.

Atatokea mtu aseme: akitoka atachekwa na watoto, atapotea, waovu watamdhuru, khasa akiwa binti. Hofu hii ni ya kweli, nasi hatuidharau. Lakini mtoto anayecheka ni mtoto wetu, na kumwadilisha ni juu yetu. Na uovu hutendeka pia nyuma ya mlango uliofungwa, tena huko hapana jirani wa kuuona. Twajua kwamba wako wasioweza hata kusema, wahitajio mtu usiku na mchana. Hata huyo ajua kanzu aipendayo na dirisha alipendalo kukaa, na kuulizwa ni haki yake.

Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao katika kifungu cha 19 wampa kila mmoja haki ya kuchagua pa kukaa na wa kukaa naye. Lakini mkataba haumwoshi mtu wala haumpeleki msikitini. Hayo ni kazi ya mikono yetu.

Basi na tuanze kwa yaliyo katika uwezo wetu. Mzazi angali hai, jamaa wakutane, waandike mbele ya mashahidi nani atakuwa msimamizi, na mali ya mwenye haki ni ipi, kisha kadhi apelekewe. Majirani washike zamu, huyu saa moja, yule saa moja, ili mama apumzike, na mwana azoee mikono mingine kabla ya siku ya msiba. Awezaye kusuka ukili au kuongoza punda apewe kazi hiyo, na ujira wake apewe mkononi. Na mwenye nyumba ya ziada, badala ya kuwakifia msikiti mtaa wenye misikiti mitatu, aiweke wakfu wakae humo watu wawili au watatu wa namna hii pamoja na msaidizi anayelipwa, karibu na jamaa zao.

Mama yule wa miaka 70 hakutuomba sadaka. Ataka kujua tu, kabla hajafumba macho, ni nani atakayekwenda na mwanawe katika njia atakayoichagua. Na tumjibu angali asikia.

Wabillahi tawfiq.