Haki ya Paka Katika Nyumba ya Maskini

Ndugu mmoja wa Bariadi, aliyeingia katika Uislamu si miaka mingi iliyopita, ametuletea swali ambalo msomaji mwenye haraka aweza kulidharau. Anaye paka mzee. Paka huyo alilinda mahindi na mtama wa nyumba ile kwa miaka mingi, lakini sasa meno yamemtoka na panya wanapita mbele ya macho yake bila hofu. Fedha ya pamba iliyouzwa msimu uliopita imekwisha, mavuno mapya yako mbali, na watoto wanakula ugali kwa mlenda. Hata hivyo kila jioni ndugu yetu humtengea paka wake dagaa wachache. Jirani amemwambia kwamba kufanya hivyo ni kuwadhulumu watoto, na kwamba iliyo rahisi ni kumtia paka katika gunia, akamwachie mbali karibu na kiwanda cha kuchambua pamba, na huko Mungu atamruzuku. Ndugu yetu anauliza: Je, jirani asema kweli?

Kwanza na tulitazame neno hili la mwisho, maana limevaa vazi la dini. Ni kweli kwamba Kurani Tukufu yatufundisha kuwa hakuna mnyama katika ardhi ila riziki yake iko juu ya Mwenyezi Mungu. Lakini jirani huyu, kama walivyo wakulima wengi wa Usukuma, bila shaka analima kwa ng'ombe. Je, msimu wa kulima ukaribiapo humwambia ng'ombe wake kwamba Mungu atamruzuku, kisha akamfungia zizini bila majani? Hasemi hivyo. Kwa ng'ombe anajua ya kuwa riziki ya Mungu hupitia katika mikono ya mwenye ng'ombe. Kwa paka asiye na faida tena, ghafula anakuwa mtu wa kutawakali. Kutawakali kwa namna hii si imani, bali ni kumsukumia Mungu kazi ambayo Mungu ametupa sisi.

Kila Mwislamu, hata aliyeingia jana, amekwisha kusikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba mwanamke huyo alimfungia paka mpaka akafa, hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi wetu tukiisimulia Hadithi hii twaishia kwenye adhabu, wala hatuangalii jinsi kosa lilivyopimwa. Mwanamke yule hakulaumiwa kwa umaskini. Hakuambiwa kwamba angalimpa nyama iliyo bora. Ilikuwapo milango miwili, naye aliifunga yote miwili: mlango wa kulisha na mlango wa kuachilia. Basi asiyeweza kufungua wa kwanza anao wa pili.

Hapa jirani atasema: "Nami nashauri mlango huo wa pili." La, sivyo. Kumwachilia mnyama maana yake ni kumwacha mahali anapoweza kula. Paka kijana akiachwa penye ghala la nafaka atashiba kuliko mwenyewe. Paka asiye na meno, aliyetolewa katika gunia mahali asipopajua, penye mbwa na penye sumu ya panya, huyo hakuachiliwa. Yule mwanamke alitumia kifungo, na huyu atumia udhaifu wa mnyama, lakini mwisho wao ni mmoja. Mwanachuoni Izzuddin bin Abdus-Salaam, aliyefariki mwaka 1262, alipozihesabu haki za wanyama juu ya binadamu aliweka wazi kwamba mwenye mnyama humlisha hata akiwa amezeeka au ana ugonjwa asioweza kuleta faida kwa ajili yake. Nchini kwetu pia ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini mimi nadhani ndugu yetu hakuuliza kwa kuogopa sheria.

Lililo zito ni hili la watoto. Wala haifai tulipite upesi kwa kutaja huruma, kwani huruma ya paka iliyojengwa juu ya njaa ya mtoto si huruma. Mtukufu Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuanza na wale walio chini ya ulezi wetu, na akahesabu kuwa ni dhambi ya kutosha mtu kuwapoteza wale anaowalisha. Mtoto hutangulia. Ikifika siku ambapo chunguni kuna dagaa wa mtu mmoja tu, dagaa hao ni wa mtoto, na paka atapewa maji waliyochemshiwa na ukoko wa ugali. Na Mungu hamtwiki mtu mzigo usio kadiri ya uwezo wake. Lakini yapasa tuulize bila kujidanganya: siku hiyo imefika, au twaitaja ili tupate ruhusa? Maana nimewaona watu wanaotaja njaa ya watoto penye haki ya paka, wala hawaitaji penye sigara.

Na tupime basi, kwa kuwa ubishi usio na kipimo haumalizi jambo. Paka mzima mwenye kilo tatu au nne huhitaji chakula cha kalori 200 hadi 250 hivi kwa siku, kiasi cha panya wadogo saba au wanane. Mungu amemwumba awe mla nyama. Ng'ombe hupata yote katika majani. Paka hawezi kuishi kwa ugali, hata akishiba, kwa kuwa mwili wake hautengenezi vya kutosha kitu kimoja kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki, wala hakimo katika nafaka. Mwaka 1975 wataalamu walionyesha kuwa paka anayekikosa huharibika macho, na mwaka 1987 ikaonyeshwa kuwa moyo wake pia huharibika. Vilevile hawezi kupata vitamini A katika mboga kama sisi tupatavyo. Kwa hiyo yule amwekeaye paka ugali mtupu kila siku, akidhani ametimiza wajibu, anamuua polepole bila kujua.

Lakini kiasi kinachohitajika ni kidogo. Gramu 30 za dagaa wakavu, yaani konzi moja ndogo, zampa sehemu kubwa ya nyama anayoihitaji kwa siku. Kinachobaki cha kumshibisha chaweza kuwa ugali kidogo uliolowekwa. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kutengwa na Shinyanga na Mwanza, umegusa Ziwa Victoria upande wa Busega, na dagaa wa ziwani wanafika katika masoko ya Bariadi. Wale waliovunjika-vunjika chini ya gunia, ambao mama wa nyumbani hawachagui, kwa paka ni sawa na wazima. Iko pia mifupa ya samaki, na vichwa na matumbo ya kuku siku kuku anapochinjwa, na vipande vya pafu na bandama kutoka kwa mchinjaji. Vyote vichemshwe, kwa sababu matumbo na mapafu mabichi yanabeba minyoo, na baadhi ya samaki wabichi wana kitu kiharibucho vitamini B1. Ila mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwani hupasuka na kumchoma. Asipewe mchuzi wenye vitunguu, maana vitunguu huiharibu damu yake. Na maziwa, ambayo watu wote hudhani ndiyo chakula cha paka, huwaharisha wengi wao wakisha kuwa wakubwa. Heri maziwa hayo wanywe watoto, na hapo jirani atakuwa amepata sehemu ya haki yake.

Huenda msomaji akasema: dagaa ni chakula cha watu, na mkoani Mwanza watu walikula hata mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vilivyobaki viwandani, jambo lililozusha ubishi mkubwa nchini mwaka 2006, itakuwaje paka apewe samaki? Swali ni la haki. Lakini dagaa wa ziwa lile hununuliwa kwa wingi na watengenezaji wa chakula cha kuku, wala sijamsikia mtu akisema kuku wanawadhulumu watoto. Twanyamaza kwa kuwa kuku hulipa kwa mayai. Paka naye alilipa, kwa gunia za mtama zisizotobolewa miaka yote ile, na malipo yake yakaliwa na watoto haohao. Si vema kumwona mdai kuwa mwombaji.

Wapo wasemao kwamba paka akilishwa hakamati panya. Hilo halina ukweli. Paka aliyeshiba huwinda pia, kwani tamaa ya kuwinda si njaa. Mwenye njaa ndiye huhama nyumba, au hula panya aliyekwisha kula sumu, akafa. Na katika sehemu zetu wapo wanaomwogopa paka mweusi kwa sababu ya uchawi. Ni dhana ya ukoo mmoja na ile iliyowatoa roho wakongwe wa Usukuma kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni. Aliyeingia katika dini hii aiache dhana hiyo nje ya mlango.

Abu Qatada (r.a.), sahaba, alimiminiwa maji ya kutawadha na mke wa mwanawe, akaja paka, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Mwanamke akashangaa. Akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka nyumbani. Nimelifikiri sana neno hilo la kuzunguka. Halimfanyi paka kuwa mtoto wa nyumba, wala halimfanyi mgeni. Na Abu Huraira (r.a.), ambaye jina lake latokana na kipaka alichocheza nacho alipokuwa mchunga kondoo, ndiye yule ambaye baadaye Madina alikuwa akijifunga jiwe tumboni kwa njaa. Aliyejulikana kwa jina la paka hakuwa tajiri.

Nisiseme kwamba mambo yote ni mepesi. Paka jike huzaa baada ya siku 65 hivi, watatu hata watano, tena zaidi ya mara moja kwa mwaka; anayelisha mmoja leo aweza kuulizwa haki za kumi mwakani. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kuhasi, nami naona ni afadhali kuliko gunia mtoni. Wakati watoto wa paka wanapoachishwa, wako wakulima wenye ghala wanaowatafuta. Pia ndugu yetu amwulize ofisa mifugo juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani maradhi hayo humpata paka na kumfikia mtoto anayemchezea.

Ama yule mzee asiye na meno, dagaa mkavu hamfai, hata awe mwingi. Waoshwe kwanza, mchanga utoke, na maji hayo yamwagwe. Kisha wachemshwe kidogo bila chumvi wala pilipili, na supu isimwagwe, kwa maana taurini huyeyuka katika maji na kubaki humo. Watwangwe kinuni mpaka walainike, wachanganywe na ugali kwa supu ileile, samaki wakizidi ugali. Agawiwe mara mbili, asubuhi na jioni, naye awekewe maji safi kando. Mtoto mmojawapo apewe kazi ya kumpelekea.